Nilisema Salama

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya meza ya bosi, barua mkononi. Kwa waliokosa, nitaeleza kwa ufupi.

Mimi ni fundi boila katika kiwanda cha dobi. Tunafua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Boila, kwa asiyeijua, ni pipa la chuma kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Ndani maji, chini moto wa magogo. Mvuke unaotoka humo ndio unaoendesha mashine zote za kufulia na kupigia pasi.

Juu ya boila kuna vali ya usalama. Mvuke ukizidi, vali hujifungua yenyewe na kupiga yowe mpaka mtaa wa pili wasikie. Mgeni hukimbia. Fundi hushukuru, kwa sababu ikipiga yowe mmepona.

Basi kuna siku mshale wa geji, kile kipimo cha nguvu ya mvuke, uligusa mstari mwekundu na vali ikanyamaza. Mshale ukaupita mstari. Kimya. Nilitoa moto kwa reki kama mwendawazimu, nikapanda ngazi kutazama. Nikakuta mtu ameichomelea vali bamba la chuma.

Nilipomwambia bosi, hata hakushtuka.

"Mvuke unaopiga kelele mtaani ni kuni zangu zinazoungua bure," alisema. "Wewe tazama mshale tu. Si ndiyo kazi yako?"

Tangu hapo sikupata usingizi wa maana. Mke wangu akifunika sufuria mimi naruka. Nikakata shauri niache kazi. Kiwanda cha maziwa kilikuwa kinanitaka Jumatatu, nami nikaandika barua ya kutoa notisi ya siku tatu.

Mkataba unadai mwezi mzima.

Ndipo mliponiacha.

Bosi wetu tulimbatiza Taratibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ukichelewa, taratibu. Ukiumwa, taratibu. Aliisoma barua yangu polepole, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma barua tena.

"Mkataba unasema mwezi."

"Najua, bosi."

"Wewe umeniandikia siku tatu."

"Najua, bosi."

"Kuna mtu kafa?"

"Bado," nikasema.

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Akaelewa, na nikaona kwamba ameelewa.

"Kwa taratibu zetu," akasema, "mtu asiyemaliza notisi simpi cheti chake. Cheti chako cha boila kiko kwenye sefu yangu. Kitakaa humo mpaka nitakapojisikia."

Hapo ndipo aliponishika pabaya. Fundi boila bila cheti ni mpiga porojo tu. Kiwanda cha maziwa wasingenifungulia hata geti. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo bosi hakulijua. Nilikwisha panga kwamba nikitoka pale niende moja kwa moja kwa mkaguzi wa serikali nikamweleze habari ya ile vali. Nilishamwendea mara moja, karani wake akaniuliza cheti, nikaambiwa nikalete ndipo nisikilizwe.

"Bosi, nakuomba," nikasema. "Nina watoto."

"Kila mtu ana watoto."

Kisha, msiniulize shetani gani alimnong'oneza, akatabasamu. Nimefanya kazi kwa yule bwana tangu mtoto wangu wa kwanza hajaota meno, na sikuwahi kumwona akitabasamu mbele ya mtu anayemwomba kitu.

"Usingoje hizo siku tatu," akasema. "Ondoka leo. Sasa hivi. Na cheti nakupa."

Badala ya kufurahi, nywele zilinisimama.

"Kwa masharti gani, bosi?"

"Masharti gani tena? Makabidhiano tu, kama taratibu zenu za boila zinavyotaka. Mtu mpya nimekwisha mpata. Utakabidhi mbele yangu, utasema boila iko salama, basi. Utakwenda zako."

Hapa lazima niwaeleze. Boila yenye moto haiachwi kama ndoo ya maji. Sisi mafundi tuna desturi yetu, nayo ni ya zamani kuliko viwanda vyenyewe vya siku hizi. Anayetoka huweka mkono kwenye gurudumu la bomba kuu la mvuke, akasema kwa sauti anaiachaje boila. Anayeingia huweka mkono juu ya gurudumu lilelile akasema, "Nimepokea." Hakuna karatasi. Ni neno. Na akishapokea, hata nyumba yake iungue haondoki hapo mpaka mwingine apokee kutoka kwake. Nimewaona watu wazima wakitoka machozi kwa kushikwa na haja, mwenzao amechelewa, na hawakuondoka; mimi siku ile, kwa kupanda ofisini moto ukiwaka, nilikuwa nimekwisha ivunja desturi.

Kwa hiyo bosi alikuwa ananiomba kitu kimoja tu. Niweke mkono kwenye chuma kile niseme uongo.

Nikapiga hesabu za haraka kichwani. Nitasema. Nitachukua cheti. Huyo mtu mpya nitamvuta kando, nitamnong'oneza ukweli, autoe moto. Halafu mbio kwa mkaguzi. Kabla ya jioni mambo yote yatakuwa yamenyooka. Nilijiona mjanja sana.

"Sawa, bosi," nikasema.

Tukashuka. Bosi mbele, cheti mkononi, mimi nyuma, na mlinzi wa getini nyuma yangu, akinipumulia shingoni njia nzima. Tulipita katikati ya mashine za pasi. Kina mama walikuwa wanalisha mashuka upande huu, yanatoka upande ule yamenyooka, wanataniana kwa sauti za kushinda kelele. Mmoja akaniita, "Fundi, leo mbona unasindikizwa kama bwana harusi?" Nikacheka cheko la meno tu.

Bosi akausukuma mlango wa chuma wa chumba cha boila.

Mtu mpya alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama geji. Ovaroli ya buluu iliyopauka, imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Kichwa cheupe. Mikono nyuma.

Ile ovaroli naijua. Inaning'inia nyuma ya mlango nyumbani kwangu.

Akageuka.

Alikuwa baba mkwe.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi boila kabla sijazaliwa. Alistaafu zamani, mama mkwe akafariki, akahamia kwetu. Kutwa anashinda kibarazani akiwakosoa watu wanaochoma taka kwamba hawajui kupanga moto. Nilijua anaitamani kazi. Sikujua anaitamani kiasi hiki.

"Baba," nikasema, "shikamoo. Umefuata nini huku?"

"Marahaba." Hakunitazama usoni. "Nimefuata kuziba pengo uliloliacha. Bosi wako alituma mtu asubuhi. Kaniambia bosi amepata habari kutoka kiwanda cha maziwa kwamba mkwe wangu anamwacha njia panda, anakimbia kazi bila kumaliza notisi. Nimeona aibu, mwanangu. Mimi nilipoacha kazi nilitoa miezi miwili ambayo hata sikudaiwa, nikamfundisha aliyenirithi mpaka akaweza. Wewe unakimbia kama uliyeiba?"

"Baba, naomba tuzungumze nje kidogo."

"Hakuna cha nje," Taratibu akadakia. "Moto unawaka. Makabidhiano kwanza."

Akasimama katikati yetu. Cheti changu alikuwa anajipigapiga nacho kwenye paja, pa, pa, pa, kama mtu anayengoja basi.

Najua mnachoniuliza. Kwa nini hukusema ukweli palepale? Mdomo ulikuwa wako, mzee yuko mbele yako. Ndugu zangu, na mimi nimejiuliza hivyo mpaka nimechoka. Nilikiona cheti. Niliuona mkono wa mlinzi karibu na bega langu. Nilimwona baba mkwe ananidharau mbele ya watu, na nikafikiri, nikisema sasa ataona natafuta kisingizio. Nikajiambia, sema tu, utamweleza baadaye kidogo, dakika chache haziui mtu. Niliogopa kila kitu isipokuwa kile nilichopaswa kukiogopa.

Nikaweka mkono kwenye gurudumu. Lilikuwa la moto.

"Naacha boila," nikasema. "Maji yako sawa. Moto uko sawa."

"Vali?" akauliza baba mkwe. Ndiyo taratibu, lazima aulize.

Pa, pa, pa, kwenye paja.

"Salama," nikasema.

Akaweka kiganja chake juu ya gurudumu, pembeni ya changu. Kiganja kigumu, kina makovu ya moto ya zamani.

"Nimepokea," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama, akalainika kidogo. "Haya nenda, mwanangu. Ya nyumbani tutaongea nyumbani."

Bosi akanibandika cheti kifuani. Kabla sijafungua mdomo, mlinzi alikwisha nishika mkono.

"Baba!" nikaita. "Baba, ngoja, hiyo vali..."

"Huyu si mfanyakazi wetu tena," Taratibu akamwambia mlinzi kwa upole kabisa. "Mtoe."

Mlango wa chuma ukafungwa. Nikaburutwa katikati ya kina mama, na safari hii hakuna aliyenitania.

Nje ya geti nikatoa simu, nikampigia baba mkwe. Ikaita, ikapokelewa na mke wangu.

"Simu ya baba iko hapa mezani inachaji," akasema huku anacheka. "Mmeonana? Kaniapisha nisikwambie, alitaka akushtue. Tangu asubuhi anaimba, baba watoto. Kaniamsha nimpigie pasi ovaroli. Sijamwona na furaha hivyo tangu mama afariki."

"Mama watoto, nisikilize. Baba yako lazima atoke mle ndani."

"Kwa nini?"

Hapo napo nilikuwa na kosa, maana sikuwahi kumwambia mke wangu habari ya vali. Sikutaka kumtia hofu. Ningemwambia, angemwambia baba yake, na yule mzee asingekanyaga pale, au angekanyaga kwa kumkunja bosi shati. Nilimeza siri peke yangu nikidhani namkinga.

"Boila ni mbovu," nikasema. "Vali imezibwa."

Akajibu kwa sauti nyingine kabisa, ndogo.

"Na wewe umemwacha humo?"

Nikakata simu nikarudi getini.

"Kaka, nifungulie. Dakika moja tu nimwambie mzee neno."

"Amri ni amri," mlinzi akasema. "Nikikufungulia, kesho nami naandika barua kama yako."

Nilikuwa bado namsihi nilipohisi kuna kitu kimebadilika. Fundi wa kuchomelea mageti pale jirani alinyamaza ghafla. Muziki wa duka la simu ukakatika. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akatoka nje na mashine yake mkononi, mteja nyuma yake, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, anauliza, "Na mimi ninabaki hivi?"

Watu wakacheka. Umeme ulikuwa umekatika.

Mimi sikucheka. Umeme ukikatika, mashine za pasi zinasimama, hazinywi mvuke tena. Pampu ya kusukuma maji inasimama. Lakini moto ni wa magogo, haujui habari za umeme. Unaendelea kuchemsha maji yasiyoongezwa, na mvuke hauna pa kwenda. Dawa ni moja tu, kuutoa moto upesi. Na baba mkwe asingeutoa. Fundi yeyote wa zamani angefanya alichokuwa anafanya yeye wakati ule: kukaa kwenye kigoda na kuisubiri vali ipige yowe, kwa sababu mkwe wake amemwambia iko salama.

Nikakimbia. Nyuma ya kiwanda kuna uchochoro wa kumwagia majivu, na chumba cha boila kina dirisha la nondo linalotazama huko. Nilikanyaga majivu, yakanifika kwenye vifundo, nikashika nondo kwa mikono miwili. Upande wa pili wa ukuta niliwasikia kina mama wamekwisha toka uani kupunga upepo, wanacheka. Nikashukuru kwa hilo.

Mzee alikuwa kwenye kigoda, ametulia kabisa. Mwanga wa tanuru ulikuwa unamcheza usoni.

"Baba! Toa moto!"

Akageuka. "Wewe hujaenda tu?"

"Vali imezibwa, baba. Imechomelewa bamba. Haitapiga!"

Akainuka polepole, akasogea dirishani. Nyuma yake niliuona mshale unapanda.

"Ulisema salama," akasema. "Mkono wako juu ya gurudumu."

"Nilisema."

"Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule, baba. Alikuwa ameshika cheti changu. Nisamehe. Toa moto, utanipiga baadaye."

Sitayasahau macho yake. Hayakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wanaishi watu wengine.

"Nimekupa mtoto wangu," akasema polepole.

Akachukua reki ndefu ya chuma, akafungua mlango wa tanuru, akaanza kuvuta magogo yanayowaka yaanguke sakafuni. Moja. La pili. Anakohoa, moshi unajaa. Nikawa namhimiza, vuta baba, vuta, machozi yananitoka, sijui ni ya moshi au ya nini.

Mlango wa chuma ukafunguliwa. Taratibu akaingia na tochi ya simu.

"Mzee! Nani kakuambia utoe moto? Umeme ukirudi nitafulia nini? Hospitali wanangoja mashuka!"

"Mkwe wangu anasema vali imezibwa."

Bosi akamulika dirishani, mwanga ukanipiga usoni. Akacheka.

"Huyu? Alikuambia nini pale, mbele yangu?"

"Aliniambia salama."

"Na sasa amekuja dirishani kama mwizi kukuambia vingine. Mzee, huyu amejuta. Anataka uharibu kazi siku yako ya kwanza, nimwite yeye arudi kwa mshahara mkubwa zaidi. Humjui mkwe wako?"

"Muongo!" nikapiga kelele. "Baba, panda ngazi utazame mwenyewe!"

"Apande juu ya boila yenye moto, aungue?" Bosi akatikisa kichwa, sauti imejaa huruma. "Mzee wangu, wewe umeijua kazi hii tangu ujana. Mshale ukigusa mstari mwekundu, vali hufanya nini?"

"Hupiga," baba mkwe akasema.

"Basi tungoje. Umebaki uzi mdogo tu. Ikipiga, tumemjua muongo. Isipopiga, utatoa moto wako na mimi nitakuomba radhi mbele ya wafanyakazi wote."

"Baba, usingoje! Siku ile maji yalikuwa yanaingia, leo hayaingii! Isipopiga hakuna atakayebaki wa kuomba radhi!"

Mzee alisimama katikati ya magogo yanayofuka moshi, reki mkononi. Akamtazama bosi. Akanitazama mimi. Nikajaribu kuyakaza macho yangu yasiyumbe, yaonekane ya mtu mkweli, na nilivyozidi kujaribu ndivyo nilivyohisi nafanana na mwizi.

"Mtu akishanidanganya kwenye gurudumu," akasema, "sina pa kumshikia tena."

Akaiegemeza reki ukutani.

Akasogea karibu na geji, mikono nyuma, kichwa kimeinuka kidogo kuitegea vali sikio. Nusu ya moto ilikuwa bado inawaka ndani. Mabomba yakaanza kulia mlio ule wa chini chini, mlio ambao mtu huusikia kwenye meno kabla ya masikio.

Taratibu alikuwa nyuma yake. Hakuwa anatazama geji. Alikuwa anatazama juu, palipo na vali.

Akarudi nyuma hatua moja. Akasimama. Akarudi nyingine.

"Baba, mtazame!" nikalia. "Geuka umtazame anavyoondoka!"

Mzee hakugeuka. Mshale ukagusa mstari mwekundu.

Hakuna kitu. Hata mluzi.

Mlango wa chuma ukabamizwa kwa nje, na nikalisikia komeo likiingia.

Ndipo baba mkwe alipogeuka. Aliutazama mlango. Akautazama mshale, ulikuwa umekwisha upita mstari. Reki hakuigusa, alijua muda umekwisha; akaja akasimama karibu na dirisha, uso wake na wangu nondo tu katikati, na safari hii hakuniuliza kama ninasema kweli.

"Mwambie mwanangu," akasema, "kwamba uliposema salama hukujua kama anayepokea ni mimi."